Tangi la Buluu Juu ya Paa la Shemeji

Kaka yangu hapendi watu. Nasema mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Ni fundi bomba, na hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hajalala chali chini ya sinki lake, lakini ukikutana naye njiani ataitikia salamu yako kama vile inatoka mfukoni mwake. Watu wanamwita Koki. Wageni wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Sisi tuliozaliwa naye tunajua ni kwa sababu ya mdomo: akishaufunga umefungika, hata uning'inie hapo na spana hupati tone.

Anachokipenda kipo baharini. Mbele ya mtaa wetu mwamba unaingia majini, na kuna sehemu moja ambapo wimbi huinuka ghafla, hujikunja, kisha hukimbia upande wa kushoto mpaka likafie kwenye maji ya kina. Mimi siingii baharini, sina ugomvi na nchi kavu. Lakini ni muuguzi wa zahanati, na dirisha la chumba cha sindano linatazama huko huko, kwa hiyo nimeliangalia wimbi hilo miaka mingi huku nikimwambia mtu akaze moyo kidogo tu. Kaka hulipanda akiwa amesimama juu ya ubao. Pwani yetu ni kimya, haina hoteli wala wapita njia, na katika miaka yote hiyo palikuwa pake peke yake. Alitaka pabaki hivyo mpaka siku tutakapomfukia.

Alianza na mlango wa kabati la mama. Aliung'oa bawaba mchana mmoja, akaenda nao majini, akarudi nao umevimba kama mkate uliolowa. Mama alimchapa kwa kipande cha mlango huo huo, na kabati letu likakaa uchi mpaka nilipoolewa. Baadaye, alipokuwa fundi kamili, mgeni mmoja aliyepotelea huku kwa siku moja tu alivunja ubao wake wa kweli mwambani, akautupa. Koki akauokota vipande viwili, akauunga kwa gundi ile anayozibia matangi yaliyopasuka. Una kovu katikati pana kuliko kiganja, na hadi leo ndio ubao wake. Mke hakuoa. Alijaribu mara moja, na yule dada akaondoka akisema hawezi kuolewa na mtu anayeongea na maji tu.

Sasa sikilizeni habari ya tangi, maana bila tangi hakuna ninachosimulia.

Mahali wimbi linaposimama vizuri ni padogo, si pakubwa kupita sebule. Ukikaa nje ya hapo kwa upande mmoja, wimbi linakupita kama hukuwepo. Ukikaa upande wa pili, chini yako kuna jiwe tunaloliita Jino, na maji yakijaa huwezi kuliona. Mtu akiwa majini hana chaki ya kuchora mstari. Anatazama nchi kavu, anachukua kitu cha mbele na kitu cha nyuma, na vikikaa sawasawa anajua yupo pale pale. Cha nyuma kwa Koki kilikuwa mnara wa simu ulio mlimani. Cha mbele kilikuwa mti, mpaka mti ukakatwa, na mwaka ule kaka yangu alitembea kama mfiwa.

Mume wangu anauza saruji, nondo, mabati na matangi ya maji, na mtaa mzima unamwita Saruji. Tulipomaliza kuezeka nyumba yetu, alitaka tangi likae kona ya nyuma, juu ya bafu. Fundi wake alikuwa nani, kama si shemeji yake? Koki akapanda juu ya paa. Akasimama huko akiitazama bahari kuliko inavyotakiwa na kazi ya bomba, akashuka, akasema hapana, tangi lazima likae kona ya mbele, tena juu ya kichanja kirefu.

"Kwa nini?" Saruji akauliza.

"Presha."

Basi, presha. Fundi amesema presha, nani atabisha? Tangi la buluu likapandishwa kona ya mbele, juu ya kichanja kirefu, na likawa linaonekana juu ya miti kutoka baharini hata kama nyumba yenyewe haionekani. Maji yalitoka bafuni kwa unyonge mtupu. Mume wangu alioga miaka kwa matone akiamini ndiyo presha yenyewe.

Nimesema kaka hapendi watu. Kuna mmoja aliyempenda, na ni binti yangu. Alimchukua akiwa bado anapoteza meno ya utotoni, akamlaza mbele yake juu ya ubao, na tangu hapo mtoto akawa haogopi chochote isipokuwa hesabu. Alipokuwa mkubwa Koki alimpa ubao wa peke yake, nao umeungwaungwa. Wakitoka majini walikaa mchangani bila kusema neno, mjomba na mpwa wake, na nilikuwa nawaonea wivu. Kaka yangu hajawahi kukaa na mimi hivyo hata siku tuliyomzika mama.

Binti huyo ndiye aliyeleta habari ya tangi mezani, kwa furaha yake, bila ubaya. Alikuwa amemaliza shule na ameanza kuuza misumari dukani kwa baba yake.

"Baba, unajua tunajuaje pa kukaa? Tangi likifunika mguu wa mnara, basi. Hapo hapo. Mjomba anasema alama hiyo moja inatosha."

"Tangi gani?"

"Letu."

Saruji aliendelea kutafuna. Nilimwona akifika mwisho wa tonge na kuendelea kutafuna hewa. Halafu akanyanyua macho kwenye dari, upande wa kona ya mbele. "Kumbe presha," alisema. Akachukua tonge lingine. Mume wangu ni kama bidhaa anayouza, hakauki siku ile ile.

Kilichomkausha ni wageni. Alikuwa amejenga vyumba nyuma ya nyumba, safi, vyenye vyandarua na choo cha ndani, akinuia kupokea watu wenye mbao wanaotafuta mawimbi yasiyo na msongamano. Wa kwanza walikuja mume na mke vijana kutoka mjini, wachangamfu, mbao zao ziko ndani ya mifuko kama magitaa. Asubuhi walishuka ufukweni. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wanafunga mizigo. Yule mke alikuja jikoni kuniaga.

"Mama, msichukie. Yule fundi wa pale chini ametuambia ukweli, ni mtu mwema sana. Kumbe bomba la maji taka la mtaa mzima linamwaga pale pale kwenye wimbi."

Nilishika mdomo. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka. Kila nyumba ina shimo lake, na aliyeyafanyia kazi mashimo hayo yote ni yeye Koki.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kupita kiasi, kutoka ufukweni mpaka mlangoni kwangu. Saruji alimsubiri Koki pale kizingitini.

"Shemeji, bomba gani la maji taka?"

"Lile."

"Lile lipi? Unajua kabisa hakuna bomba!"

"Basi wangeuliza."

"Walikuuliza wewe!"

"Basi walikosea wa kumuuliza."

"Hiyo bahari umeijenga wewe?"

"Na wewe hukuijenga, shemeji. Ungeijenga ingekuwa na nyufa."

Majirani walikuwa wamekwisha kupata sababu za kufagia nje. Saruji alitetemeka mpaka vumbi la dukani likamdondoka mabegani. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba nguo yenyewe ni mimi. Alisema kuanzia siku hiyo Koki akitaka elbo, akitaka valvu, akitaka hata uzi wa kuzungushia bomba, asikanyage dukani kwake, akanunue kwa samaki. Koki akajibu kwamba choo chetu kikiziba tukizibue na saruji. Kisha mume wangu akamgeukia binti, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na nywele mbichi.

"Na wewe, bahari basi. Nikisikia umeingia tena, hutaingia humu ndani."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, hilo nalijua. Ninalowalaumu ni kwamba zizi lenyewe walilopigania halikuwa mwamba wala paa. Lilikuwa binti yangu. Kila mmoja alitaka awe wake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Nyumba ikawa ya watu wasiosemeshana. Sinki la jikoni likaanza kuvuja, Koki haji, na Saruji ana kiburi cha kumwita fundi mwingine katika nyumba ya mke ambaye kaka yake ni fundi. Nikaweka ndoo chini. Nikaimwaga, nikairudisha, nikaimwaga. Kila nilipoinama na ndoo ile niliwatukana wote wawili kwa majina yao kamili. Binti alikuwa anaendelea kuingia baharini asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na mimi nilijua, maana chumvi ina harufu. Sikumzuia. Ana miguu yake, ana akili zake, na furaha yake niliiona mimi kwa macho yangu kupitia dirisha la chumba cha sindano. Baba yake aliamini amri yake imesikika, kwa kuwa aliitoa kwa sauti.

Jumamosi moja, mimi nikiwa zamu na binti akiwa ameachiwa duka, sote tukarudi giza limeingia, Saruji alimwaga maji yote ya tangi, akapanda juu ya paa na wabeba mizigo wa dukani. Alilihamishia tangi kona ya nyuma, juu ya bafu, alikolitaka tangu mwanzo, na kichanja chake akakihamisha pia kwa sababu wabeba mizigo walikuwa wamekwisha kukifungua. Alitaka shemeji yake akae majini kama mtu aliyepotelewa na nyumba. Alitaka wimbi limpite. Basi, ni hilo tu alilolitaka, na mimi namwamini, kwa sababu ameniapia akilia na si mtu wa kulia. Lakini hakuwa amewahi kuuliza upande wa pili kuna nini. Upande wa pili kuna Jino.

Asubuhi ya Jumapili Koki aliitwa shuleni, bomba la bwenini lilikuwa limepasuka na watoto wanaogelea. Alimtumia binti ujumbe kwamba amsubiri. Mawimbi yalikuwa mazuri mno kusubiriwa. Kutoka nyumbani hadi ufukweni njia inapita chini ya miti, na paa letu huoni mpaka uwe nje majini. Huko nje aliliona tangi la buluu juu ya miti, na mnara nyuma yake. Akapiga mikono mpaka tangi likafunika mguu wa mnara, akakaa, wimbi likaja, akalipanda.

Mtu hatofautishi tangi lililohama na tangi lililokaa, kama tangi ndilo kitu pekee anachokitazama.

Koki alimleta zahanati kwenye mkokoteni wake wa mabomba. Niliusikia kwanza kwa magurudumu, ukija kwa kasi kwenye changarawe, nikadhani ni mama mjamzito. Binti yangu alikuwa amelazwa juu ya mabomba, amefunikwa kwa shati la mjomba wake, na paja lake la kushoto lilikuwa limefunguka kutoka karibu na nyonga hadi juu ya goti. Matumbawe hayakati kama kisu, yanachana. Alikuwa amejivuta mwenyewe hadi ufukweni akishikilia ubao. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama usoni aone kama mimi nitalia.

Sikulia. Daktari wetu haji Jumapili. Nilinawa, nikavaa glavu, nikamwosha jeraha, nikachokonoa vipande vya mwamba kimoja kimoja, nikamshona. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo na msisifu moyo wangu kwa hilo. Zilikuwa hasira. Hasira ikikaa vizuri ni dawa ya kutosha kumshikilia mtu mpaka mshono wa mwisho.

"Nilikuwa mahali pake, mama," alisema. "Nakuapia. Tangi lilikuwa limefunika mguu wa mnara."

"Nyamaza nishone."

"Nilikuwa mahali pake."

Koki alikuwa amesimama mlangoni na kifua wazi. Alisikia. Akatoka nje, na kupitia dirisha nikamwona akishuka hadi ufukweni, akiingia majini na nguo zake za kazi, anaogelea mpaka mbali. Akageuka huko, akatazama nchi kavu. Alikaa hivyo muda, kichwa tu kikionekana.

Jioni tulikuwa sebuleni. Binti kwenye kochi, mguu juu ya stuli na mto. Saruji alikuwa amerudi kutoka safari ya kununua mabati, ameambiwa njiani kwamba mwanawe ameumia, hajaambiwa imekuwaje. Alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, kofia mkononi. Koki akaingia bila kubisha hodi, mtu ambaye alikuwa hajakanyaga kwangu tangu habari ya wageni. Nguo zilikuwa zimemkaukia mwilini na chumvi yake.

"Umehamisha tangi," alisema.

Saruji hakugeuka. "Si wakati wake, shemeji."

"Umehamisha tangi."

"Tangi langu, paa langu! Nimelipeleka ninapotaka. Vipi, presha imekusumbua?"

"Mwanao alikuwa majini analitazama."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Alimtazama Koki, akautazama mguu, akanitazama mimi kama vile mimi ningeweza kusema si kweli. Nilitaka kumwambia maneno mazito ambayo nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Badala yake nikajikuta nauweka sawa mto chini ya mguu wa binti.

"Nilimkataza," alisema. "Nilimkataza asiingie."

"Ulimkataza!" Koki akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri kukisikia. "Nani anakusikiliza wewe?"

Hapo Saruji akasimama. "Na wewe? Na wewe unayejidai mwalimu? Umempeleka mtoto wa watu kwenye mawe ukampa tangi la plastiki limlinde! Tangi! Lingepasuka je? Upepo ungelibeba je? Wewe mwenyewe leo ungekuwa umepasuka kichwa!"

"Mimi? Mimi lisingenidanganya. Ningejua papo hapo. Mimi nina alama ya pili."

Alipoisema tu, nilimwona akitaka kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na fundi bomba anajua hilo kuliko mtu yeyote.

Binti yangu alijiinua kwa viwiko. "Alama ya pili ipi?"

Koki akageukia mlango.

"Mjomba. Ipi?"

"Hukuwa unaihitaji. Ulikuwa unaingia na mimi."

"Uliniambia moja inatosha."

"Inatosha ukiwa na mimi."

"Na nisipokuwa na wewe?"

Koki alitazama chini, kwenye zulia. "Ningekuambia," alisema. "Polepole. Ingefika siku yake."

"Tangu sijaota meno ya mbele, mjomba."

Nikamwelewa kaka yangu siku hiyo, nikachukia nilichokielewa. Alimpa nusu. Kila mtu mwingine alimnyima yote, huyu akampenda, akampa nusu, na nusu nyingine akaifungia ili asije akaenda bila yeye. Nilikuwa nimeshona nusu hiyo asubuhi nzima bila kujua nashona nini.

Mchuma janga hula na wa kwao. Niliwaambia hivyo wote wawili, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa mimi ni mtumishi wa afya. Nikawafukuza. Kaka nikamtoa, na mume nikamtoa katika nyumba aliyoijenga kwa mifuko yake mwenyewe, nikafunga kitasa. Walisimama nje barazani, mmoja huku na mwingine kule, kama watoto waliotolewa darasani.

Kesho yake Saruji hakufungua duka. Alipanda juu ya paa peke yake kurudisha tangi kona ya mbele. Alilifungulia maji yakamwagika ukutani na uani, kuku wa jirani wakakimbia, halafu akaanza kulisukuma. Tangi tupu si zito, ila ni kubwa na halina pa kushika. Nikasikia hatua za pili juu ya bati. Koki alikuwa amekuja na spana zake, hakuitwa, hakusalimia. Wakalishika huku na huku. Wakawa wanalisogeza wakihema, hakuna anayemwambia mwenzake vuta wala sukuma, na kila mmoja akimlaani mwenzake kwa pua. Sikucheka, lakini siku nyingine ningecheka.

Binti alitoka uani akichechemea, ameshika ukuta. Akanyanyua uso.

"Liacheni."

Wakainama kumtazama, wote wawili wamekumbatia tangi.

"Likae popote. Mimi silitazami tena."

Akarudi ndani. Wale wakabaki huko juu na tangi lao katikati ya paa, na hapo katikati ndipo lilipo hadi leo. Presha ni nzuri sana. Sinki langu Koki alilitengeneza siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka, na ndoo ikarudi uani.

Jeraha lilipoanza kufunga, binti yangu akawa anakwenda mwambani maji yakipwa. Maji yakitoka kabisa mwamba unabaki wazi, unatembeka kwa viatu, na Jino linaonekana lote, jeusi, lenye ncha, bado limeshikilia kipande kidogo cha ubao wake. Watu wa hapa hawaendi huko, nani atembee juu ya miiba ya baharini bila sababu? Alikwenda na fimbo. Alisimama kando ya Jino, akageuka kutazama nchi kavu. Akasogea, akageuka tena. Siku nyingine alikwenda asubuhi, nyingine mchana, aone jua likibadilika kinabaki nini. Koki alimfuata siku za mwanzo, akasimama mbali na mikono nyuma. Nilimwona kupitia dirisha akinyanyua mkono kuonyesha kitu mlimani. Nilijua anatoa alama ya pili, bure, bila kuombwa. Binti yangu hakugeuza shingo. Akamsubiri ashushe mkono, kisha akaendelea na yake.

"Alikuwa anakuambia," nilimwambia nikimtoa nyuzi.

"Nimemwona."

"Sasa si ungeangalia?"

"Yake ni yake, mama."

"Na yako ipi?"

Alinitazama kwa macho yale ya kaka yangu, yaliyofungwa vizuri, hayavuji. "Sikuambii," alisema. Nilimpiga kofi dogo la bega, na nikaenda kumwaga maji ya kunawia ili asione uso wangu. Saruji anadhani mtoto amefanana na upande wake. Mwache adhani.

Siku aliyorudi majini nilimwachia mwenzangu chumba cha sindano, nikashuka mwenyewe ufukweni, maana kidonda ni changu, nimekishona mimi. Maji yalikuwa yamejaa, Jino limefunikwa, na wimbi linakimbia kushoto kama zamani. Alikuwa ameketi anafunga kamba ya ubao mguuni. Koki akatokea chini ya miti na ubao wake wenye kovu kwapani. Alikuwa amenyoa. Kaka yangu, ambaye hakunyoa hata tulipomzika mama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo yamekaa vizuri."

Binti akasimama, akapangusa mchanga. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo, maana hasira hupoa.

"Usiingie, mjomba," alisema kwa upole. "Bomba la maji taka linamwaga pale."

Koki alifungua mdomo. Yeye peke yake, katika watu wote wa mtaa huu, ndiye anayejua kila bomba lilipo chini ya ardhi, na nani amelilaza, na linakwenda wapi. Akaufunga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimeusubiri mchungu huo umfike tangu ile asubuhi ya mkokoteni, na ulipomfika nilitamani kumshika mkono, nikajizuia, nikamshika.

Binti akaingia majini. Kaka yangu akaketi mchangani, na mimi nikaketi kando yake, ubao wake umelala mbele ya miguu yetu. Alimtazama akipiga mikono mpaka mwambani, akigeuka, akisogea kidogo, akikaa. Halafu Koki akageuza shingo akatazama nchi kavu. Alitazama mnara. Alitazama miti, na katikati ya paa letu, na ukuta wa shule, na mlima wote kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamtazama tena binti, kisha nchi kavu tena, akitafuta yule mtoto anatazama nini. Nami nikatafuta naye. Wimbi likaja, binti akalipanda, na sisi wawili bado tulikuwa tumegeukia upande mwingine.